Kuta Zinenazo

Tulipokwisha kupaka chokaa shule yetu palizuka neno baina ya wazee wa kanisa. Ukuta mkubwa unaoelekea njiani ulikuwa mweupe pe, na kila apitaye huuona. Wengine walitaka paandikwe maneno tu, kwa herufi kubwa, ili mtu asome na kuonywa. Wengine wakasema, "Na wasiojua kusoma je? Afadhali ichorwe picha." Mzee mmoja, ambaye mimi humwita Baba Mkubwa, akanigeukia akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyesoma. Kipi kina nguvu zaidi, picha au neno?" Siku ile sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe muda. Haya niandikayo ndiyo jibu langu, nami naliweka hapa ili na wengine wenye kuta nyeupe wapate kulipima.

Tuanze na kitu tukijuacho sote, yaani kanga. Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina, ndiyo yale maneno yaliyopigwa chapa. Tuseme jina lake ni "Wema hauozi." Mama akimpa binti yake kanga hiyo siku ya arusi, maneno yale ni baraka na usia. Lakini mwanamke akijifunga kanga ile ile na kupita nayo makusudi mbele ya mlango wa jirani aliyekula fadhili zake na kuzisahau, basi maneno yamekuwa mwiba. Herufi hazikubadilika, wala rangi. Kilichobadilika ni nani avaaye, mbele ya nani, na mahali gani. Kila mwanamke wa pwani ayajua haya bila kufundishwa darasani.

Wataalamu wa ng'ambo wameifanya hekima hii kuwa elimu kamili, elimu ya ishara. Mmarekani mmoja, Charles Sanders Peirce, aliyeishi mwaka 1839 hata 1914, aligawanya ishara katika namna tatu. Ya kwanza ni mfano, kama picha ya ng'ombe, ambayo twaitambua kwa sababu yafanana na ng'ombe. Ya pili ni dalili, kama moshi, ambao twaujua kuwa watoka katika moto, kwa kuwa moto na moshi havitengani. Ya tatu ni alama ya mapatano, kama bendera, au kama herufi hizi uzisomazo, ambazo zina maana kwa sababu watu wamekubaliana hivyo. Baadaye Mfaransa Roland Barthes aliandika mwaka 1964 juu ya picha zenye maneno kando yake. Alisema picha peke yake ni kama chombo kielea baharini, chaweza kwenda huku na huku, kwa maana picha moja ina maana nyingi. Neno huja likatia nanga. Mara nyingine neno halitii nanga, bali husaidiana na picha katika kusimulia, kila kimoja kikichukua sehemu yake ya habari.

Basi nilitaka kuona mambo haya yalivyo mahali ambapo kuta zimesema kwa sauti kubwa na watu wamekufa kwa ajili ya yale yaliyosemwa. Mahali hapo ni Ayalandi ya Kaskazini, katika miji ya Belfast na Derry, ambayo picha zake za kutani zimepigwa picha na kuenezwa ulimwenguni pote. Nchi ile ni ndogo, nayo iko chini ya taji la Uingereza. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 hata mapatano ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998, watu zaidi ya 3,500 waliuawa. Upande mmoja walikuwa wale watakao nchi iunganishwe na Jamhuri ya Ayalandi, na wengi wao ni Wakatoliki. Upande wa pili walikuwa wale watakao kubaki na Uingereza, na wengi wao ni Waprotestanti. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa utawala, kura, nyumba na kazi, kuliko mafundisho ya dini; lakini majina ya dini ndiyo yaliyotumika kumjua adui. Kwa hiyo sisi tunaoitwa kwa jina lile lile hatuwezi kutazama kuta zile kama watu wa mbali.

Nitazame kwanza kuta za maneno matupu. Mwezi wa Januari 1969, baada ya polisi kuingia kwa nguvu katika mtaa wa Wakatoliki uitwao Bogside, mjini Derry, mtu aliandika ubavuni mwa nyumba ya pembeni maneno ya Kiingereza yenye maana hii: "Sasa unaingia Derry huru." Baadaye yaliandikwa upya vizuri, herufi nyeusi juu ya ukuta mweupe. Nyumba zilizokuwa nyuma yake zilibomolewa zamani, ukuta ukaachwa peke yake. Hauchukui paa wala hauzuii mvua. Kazi iliyousalia ni kuchukua maneno. Tena angalia neno "sasa." Ukiyaandika maneno yale kwenye karatasi na kuyapeleka mji mwingine, yawa uongo. Ni kweli pale tu, kwa mtu apitaye pale, miguu yake ikiwa pale. Kwa rafiki ni "karibu." Kwa askari wa siku zile yalikuwa "usipite." Ndiyo ile kanga yetu.

Mwendo mfupi kutoka hapo, katika mtaa mdogo wa Waprotestanti uitwao Fountain, uko ukuta mwingine wa maneno. Huo wasema ya kwamba watu waaminifu wa Londonderry wa upande wa magharibi wangali wamezingirwa, na kwamba hawatasalimu amri. Kila ukuta wautaja mji kwa jina lake. Derry ni jina la kale, kutoka katika neno la Kiayalandi maana yake kichaka cha mialoni. Londonderry ni jina lililokuja na hati ya mfalme ya mwaka 1613. Mgeni akitaja jina moja, tayari amekwisha kuhesabiwa upande. Na kuzingirwa kwasemwako ni kule kwa mwaka 1689, mji ulipohusuriwa siku 105 na jeshi la Mfalme James, ambaye alikuwa Mkatoliki. Kulikwisha mwaka ule ule. Lakini ukuta wasema "wangali."

Yatazame maneno haya mawili madogo, "sasa" na "wangali." La kwanza lasema jambo jipya limeanza; la pili lasema jambo la kale halijaisha. Pande zote mbili walikuwa na hofu, na hofu zao zilikuwa za kweli, lakini kila upande uliandika hofu yake kwa saa nyingine. Mtu aishiye katika "sasa" na mtu aishiye katika "wangali" wawezaje kuonana sokoni na kuulizana hali? Mimi nilipokwisha kuzisoma kuta hizi mbili pamoja, nilielewa ugomvi ule kuliko nilivyouelewa katika kurasa nyingi za historia.

Pili, picha zilizo kama ua wa kuzuia wengine. Picha ya kale kuliko zote katika mitaa ya Waprotestanti ni ya Mfalme William wa Tatu akivuka mto Boyne, katika vita vya mwaka 1690, vinavyokumbukwa kila tarehe 12 Julai. Ilianza kuchorwa katika kuta za Belfast mwanzoni mwa karne ya 20. Mara nyingi mfalme amepanda farasi mweupe. Kwa nini mweupe? Si kwa ajili ya historia, maana mchoraji hatafuti rangi ya farasi fulani. Yule asomaye Biblia, na hao ni wasomaji wa Biblia sana, amwonapo mpanda farasi mweupe hukumbuka kitabu cha Ufunuo. Basi mfalme wa dunia hii amekopa heshima isiyo yake, na picha imefanya hivyo pasipo kusema neno hata moja. Hapa pana nguvu ya picha na hatari yake. Neno ungeliweza kulijibu, ukasema, "Hasha, si kweli." Picha hukuingia moyoni kabla hujajua kwamba umeambiwa jambo.

Lakini alama hazikai sana mikononi mwa mtu mmoja. Mkono mwekundu, ulio alama ya jimbo la Ulster, ulikuwa zamani alama ya ukoo wa O'Neill, wakuu wa Waayalandi waliopigana na Waingereza. Leo waonekana zaidi katika kuta za wale wapendao taji la Uingereza. Hata shujaa wa hadithi za kale, Cú Chulainn, asimuliwaye kuwa alijifunga kwenye jiwe ili afe akiwa wima, ana wenyewe wawili. Sanamu yake iliyofanywa na Oliver Sheppard iko katika nyumba kuu ya posta mjini Dublin, nayo yawakumbuka walioasi dhidi ya Uingereza mwaka 1916. Kwa hiyo wapigania umoja wa Ayalandi wamemchora katika kuta zao. Lakini mashariki ya Belfast Waprotestanti walimchora vile vile, kwa namna ile ile ya sanamu ya Dublin, wakamwita mlinzi wa Ulster dhidi ya watu wa majimbo mengine ya Ayalandi. Umbo ni moja, jeraha ni moja, jiwe ni moja. Ni neno lililoandikwa kando yake tu limwambialo apitaye kama shujaa huyu ni wake au ni wa adui. Barthes alisema kweli, neno ni nanga; lakini nanga yaweza kutiwa katika bandari yo yote.

Tatu, yako maneno na picha zinazogombana ukutani. Katika mtaa wa Mount Vernon, kaskazini ya Belfast, kikosi kimoja cha Waprotestanti wenye silaha kilikuwa na picha ya watu waliofunika nyuso zao, bunduki mikononi. Maneno yake yalikuwa na maana ya kwamba wamejiandaa kwa amani, na wako tayari kwa vita. Mtu akiyasoma maneno peke yake aweza kusema, hawa ni watu wa busara, wapima mambo mawili. Sasa itazame picha. Iko wapi amani? Hakuna shamba, hakuna mtoto, hakuna mkono ulio wazi, hata uso wa mtu haupo. Maneno yana mambo mawili, picha ina jambo moja tu. Nauliza: mama aendaye dukani asubuhi, akipita chini ya ukuta ule na watoto wake, huamini lipi? Huamini bunduki. Naona hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kumjibu Baba Mkubwa: neno na picha zikipatana, neno huongoza, zikigombana, picha hushinda, na neno huwa pazia tu.

Nne, na hapa nataka kukaa kidogo, ziko picha za Bogside. Kuanzia mwaka 1994 wachoraji watatu wa Derry, ndugu wawili Tom na William Kelly pamoja na Kevin Hasson, walichora picha kubwa 12 katika mtaa wao. Nyingi hazina mahubiri ya maneno. Moja, ya mwaka 1997, yaonyesha Jumapili ya tarehe 30 Januari 1972, askari wa Uingereza walipowapiga risasi watu waliokuwa wakiandamana kudai haki za raia. Watu 13 walikufa, na mwingine baadaye. Mbele ya picha yuko padre, Edward Daly, aliyekuwa Askofu wa Derry baadaye. Ameinama, apunga kitambaa cheupe, na nyuma yake watu wamembeba kijana wa miaka 17 anayekufa.

Kitambaa cheupe ni alama ya mapatano, ijulikanayo katika vita vya mataifa mengi: "Msipige." Lakini kitambaa hiki kina damu, na damu si alama ya mapatano, damu ni dalili, kama moshi ulivyo dalili ya moto. Katika kitambaa kimoja waona lile ambalo watu wamekubaliana na lile lililotendeka. Kumbuka pia ya kuwa taarifa ya kwanza ya serikali, ya mwaka 1972, iliwatilia shaka baadhi ya waliokufa, kana kwamba walikuwa na silaha. Ilipita miaka 38, hata tarehe 15 Juni 2010, ndipo taarifa ya pili iliposema kwamba waliopigwa hawakuwa hatari kwa askari, na Waziri Mkuu wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Kwa miaka 13 kabla ya siku ile, ukuta ulikuwa ukisema vingine kuliko karatasi za serikali. Hapa picha haikukopa heshima ya mtu, ilishuhudia.

Picha nipendayo kuliko zote ni ya mwaka 1999, iitwayo Kifo cha Kutokuwa na Hatia. Ni msichana wa miaka 14, amevaa sare ya shule, asimama mbele ya nyumba iliyovunjika. Aliuawa kwa risasi ya askari mwaka 1971. Kando yake iko bunduki iliyoelekezwa chini, na juu yuko kipepeo. Ilipochorwa, bunduki ilikuwa nzima na kipepeo hakutiwa rangi. Baadaye, amani ilipokwisha kukomaa, wachoraji walipanda tena ngazi. Bunduki wakaichora imevunjika, kipepeo wakampaka rangi zake zote.

Angalieni walivyofanya. Msichana hakubadilishwa. Hakufanywa acheke, wala hakufutwa ili watu wasihuzunike. Yeye abaki vile vile, maana mauti hayarudi nyuma. Kilichobadilishwa ni vile viwezavyo kubadilika, silaha na tumaini. Na kwa kuacha kipepeo bila rangi tangu mwanzo, wachoraji walikuwa wamewauliza watu wa mji swali, wala hawakuwapa amri: Je, lini tutamaliza? Kuta za "sasa" na "wangali" zilikuwa zimefungwa. Ukuta huu uliachwa mlango.

Picha nyingine ya wachoraji hao, ya mwaka 2004, ni ya njiwa na jani la mwaloni juu ya miraba ya rangi nyingi. Watoto wa pande zote mbili walishirikishwa katika kuiwaza. Imetungwa kwa akili: mwaloni ni jina la mji wenyewe, na njiwa ni ndege wa Nuhu, tena ni jina la Mtakatifu Columba, ambaye mapokeo humtaja kuwa mwanzilishi wa monasteri ya Derry katika karne ya 6. Ni nzuri, wala siikosi heshima. Hata hivyo nasema wazi kwamba kipepeo amshinda njiwa. Njiwa ni alama iliyokwisha kukubaliwa duniani kote. Mtu aweza kumchora bila kuacha kitu. Kipepeo yule alipata rangi yake baada ya miaka ya kungoja.

Sharti niseme na upungufu wa picha hizi, maana mhakiki asiyeona upungufu ni mpambe. Wachoraji wa Bogside ni watu wa mtaa mmoja, na wafu waliochorwa ni hasa wafu wa mtaa ule. Mjane wa polisi aliyeuawa na watu wa upande huo, akipita pale, hamwoni mumewe. Msiba wake hauna ukuta hapo. Tena mwaka 2006 ulianzishwa mpango, ukisimamiwa na Baraza la Sanaa la Ayalandi ya Kaskazini, wa kuwasaidia watu wa mitaa kuondoa picha za bunduki na kuweka nyingine. Ulifanya mema mengi, kwa kuwa mtoto hapaswi kukua chini ya mtutu. Lakini picha tamu iliyopakwa juu ya chungu si toba. Rangi huficha, haiponyi. Ndiyo sababu nawasifu waliovunja bunduki ukutani mbele ya macho ya watu, kuliko yule awezaye kuifuta usiku ikawa kama haikuwapo.

Sasa narudi kwa Baba Mkubwa na ukuta wetu. Uliniuliza, baba, kipi kina nguvu, picha au neno. Jibu langu ni kwamba kuna kitu cha tatu kilichowapita wote wawili, nacho ni mahali. Kabla ya kununua rangi tujiulize maswali matatu. La kwanza: picha yetu na neno letu vyapatana, au neno lasema amani na picha yasema ua? La pili: tumekopa heshima ya nani? Tukimchora mtakatifu mwenye sura ya mkubwa wa leo, watoto watajifunza kumsujudia yupi? La tatu: je, ukuta wetu una kipepeo asiyepakwa rangi, yaani kitu wawezacho watoto wetu kukimaliza siku moja, au tumesema yote na kuufunga?

Tena nakumbusha jambo moja ambalo sote tulilisahau siku ile ya mabishano. Ukuta ule waelekea njiani. Sisi tulio ndani ya shule hatuuoni kamwe. Auonaye ni apitaye, na wengi wapitao si wa kanisa letu. Wengine ni Waislamu waendao mnadani, wengine ni wa madhehebu ambayo hatusalimiani nayo vizuri. Tulikuwa tukibishana juu ya barua pasipo kumwuliza atakayeipokea.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: tuchukue viti vyetu, tuvuke njia, tuombe kuketi barazani kwa jirani wa ng'ambo, tuutazame ukuta wetu kutoka kwake. Kisha tumwulize yeye, "Jirani, hapa pakiandikwa neno, wewe utasoma nini?" Nimekwisha kumwambia Baba Mkubwa. Akanyamaza kitambo, akatazama ng'ambo ya njia, akaniambia, "Mwalimu, miaka 20 sijaketi katika baraza ile." Ukuta ungali mweupe. Jumamosi ijayo tutavuka.